BUNDUKI HAINA KADI YA CHAMA



Kuna maneno yanayonong'onwa katika baraza zetu, nasi twaona kheri yasemwe waziwazi katika karatasi hii kuliko kuendelea kunong'onwa. Baadhi ya vijana wetu, na hata watu wazima wawili watatu ambao tulidhani wana busara zaidi, wasema hivi: "Tumepiga kura tumechoka. Tumehesabu, tumelalamika, tumekwenda mahakamani, na hali ni ile ile. Mwenye nguvu ni mwenye bunduki. Basi na tuwatafute ndugu zetu walio ndani ya jeshi, watu wa chini, wana wa makabwela kama sisi, tufunge nao ahadi kwa siri. Na usiku mmoja utamaliza yale ambayo miaka mingi ya kura haikuyamaliza."

Hatutawatukana wasemao hivyo. Uchungu wao twaujua, kwani ni uchungu wetu sote. Lakini shauri hili si jipya duniani. Limekwisha kujaribiwa na watu mashujaa kuliko sisi, na wajuzi wa vita kuliko sisi, katika nchi ya Waislamu wengi na masikini wengi, nchi ya mito na mashua na mpunga, nayo ni Bangladesh. Mfanya biashara mwenye akili, kabla ya kununua shehena, humwuliza yule aliyeinunua kabla yake kama alipata faida au khasara. Basi twaomba mtustahimilie tuifungue hesabu ya wenzetu hao.

Bangladesh ilipata uhuru wake mwezi wa Disemba 1971, baada ya vita vya miezi tisa dhidi ya jeshi la Pakistan. Vita vile havikupiganwa na maafisa peke yao. Wakulima na wanafunzi walishika silaha pamoja na askari wa Kibengali walioliasi jeshi hilo. Katika miezi ile afisa na askari walikula chungu kimoja na kulala katika matope mamoja, na mtu aliyekwisha kuishi hivyo si rahisi kumrejesha katika desturi ya kale naye akaridhika.

Na desturi ya kale ilikuwa ipi? Ilikuwa ile iliyoachwa na Mwingereza. Jeshi la Pakistan lilitoka katika Jeshi la Hindi la Mwingereza, kama majeshi ya huku kwetu yalivyotoka katika King's African Rifles, ambao wazee wetu wakiwaita Keya. Sheria zao ni za ukoo mmoja: afisa ana meza yake na askari ana yake, afisa hupewa askari wa kumtumikia nyumbani, wa kumfulia nguo na kumng'arishia viatu. Vita vikaisha, bendera ikabadilika, na mtu aliyekuwa akipambana na adui msituni akajikuta amerejea kwenye brashi na dawa ya viatu.

Miongoni mwa walioiona aibu hii alikuwako Kanali Abu Taher. Alikuwa afisa wa kikosi cha makomando katika jeshi la Pakistan. Vita vilipoanza alitoroka kutoka Pakistan ya Magharibi, akavuka mpaka kwenda kuipigania nchi yake, akapewa uongozi wa Jimbo la 11 la vita. Tarehe 14 Novemba 1971, siku aliyotimiza miaka 33, alipoteza mguu mmoja katika mapigano ya Kamalpur. Baada ya vita, alipokuwa mkuu wa brigedi huko Comilla, aliwashughulisha askari wake katika kilimo na kazi za mikono, kwani rai yake ilikuwa kwamba nchi masikini haiwezi kulisha jeshi linalokaa bure, na kwamba yalipasa jeshi lizalishe linachokula. Rai hiyo haikukubaliwa. Mwaka 1972 aliacha jeshi, kisha akapewa kazi ya kiraia katika idara ya kuchimbua mito.

Mwaka huo huo, tarehe 31 Oktoba, kiliundwa chama kilichoitwa Jatiyo Samajtantrik Dal, yaani Chama cha Kitaifa cha Kisoshalisti. Wengi wa wafuasi wake walikuwa vijana waliopigana vitani, kisha wakaona matunda ya vita yanaliwa na wengine. Chama hiki kilianza kwa uwazi, kikifanya mikutano na maandamano kama tunavyofanya sisi. Mwezi wa Machi 1974 wafuasi wake walipoandamana kwenda nyumbani kwa waziri wa mambo ya ndani walipigwa risasi, na viongozi wao, Meja Jalil na A. S. M. Abdur Rab, wakatiwa gerezani. Katika mwaka ule njaa iliua watu maelfu kwa maelfu. Mwezi wa Januari 1975 katiba ikabadilishwa na utawala wa chama kimoja ukaletwa. Na mwezi wa Juni magazeti yote ya khabari yakafungwa ila manne.

Zingatieni hapo, nyinyi mnaoishika karatasi hii na wino wake ukawachafua vidole. Mlango wa uwazi ulifungwa kwanza na serikali. Hatusemi kwamba watu wale waliichagua siri kwa kuipenda. Walisukumwa kwenye siri. Na kila serikali inayoufunga mlango wa mbele isistaajabu siku ikisikia hatua za watu dirishani.

Ndipo ndani ya jeshi kikakua chama cha siri, Biplobi Sainik Sangstha, maana yake Jumuiya ya Askari wa Mapinduzi. Hakikuwa chama cha maafisa. Nguvu yake ilikuwa ni askari wa safu, ambao kwao huitwa sipahi. Walikutana kwa vikundi katika kambi zao, wakazungumza juu ya mnyonge na mwenye nguvu, na kiungo chao kikubwa na chama cha nje alikuwa ni Kanali Taher.

Mambo yakaenda mbio. Tarehe 15 Agosti 1975 maafisa wachache walimwua Rais Sheikh Mujibur Rahman nyumbani kwake Dhaka, pamoja na wengi wa jamaa zake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba, Brigedia Khaled Mosharraf akawapindua waliopindua, akamfungia nyumbani mkuu wa jeshi, Meja Jenerali Ziaur Rahman. Katika usiku ule ule viongozi wanne wa uhuru, Syed Nazrul Islam, Tajuddin Ahmad, Mansur Ali na Qamaruzzaman, wakauawa ndani ya Gereza Kuu la Dhaka, ilhali wamefungwa, hawana hata fimbo ya kujikingia.

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 7 Novemba ndipo mkono wa siri ulipofunguka. Sipahi walichukua silaha, wakafyatua risasi hewani, wakamtoa Jenerali Zia kizuizini. Asubuhi watu wa mji walipanda juu ya vifaru pamoja na askari wakishangilia. Jumuiya ikatoa madai 12. Iliomba wafungwa wa siasa wafunguliwe. Ikaomba iondolewe tofauti baina ya afisa na askari, na ukomeshwe utumishi wa askari nyumbani kwa maafisa. Ikaomba mishahara ya haki. Ikasema kwamba mapinduzi haya si ya kumwondoa mtu mmoja na kumweka mwingine, bali ni kwa maslaha ya masikini. Twawauliza, ndugu wanachama: katika madai hayo liko lipi baya? Sisi hatulioni. Na kwa ajili hiyo khasa twasema kisa hiki chafaa kuzingatiwa, kwa sababu walioshindwa hawakuwa wezi wala walafi wa vyeo. Walikuwa na haki, na bado wakashindwa.

Walishindwa vipi? Walimfungua Zia kwa kumdhania kuwa rafiki. Walikuwa wamepigana vita pamoja naye, na sauti yake ndiyo watu waliyoisikia redioni kutoka Chittagong mwezi wa Machi 1971 ikitangaza uhuru. Kwa ushahidi wa Taher mwenyewe, Zia alimkumbatia usiku ule akamshukuru kwa kumwokoa. Lakini kulipokucha, watu waliokuwa mabarabarani walishangilia jina gani? Walishangilia jina la Zia, kwa kuwa hilo ndilo walilolijua. Jumuiya ya siri haikuwa na jina midomoni mwa watu, wala uso, wala tawi mtaani. Alipotakiwa aende kusimama na Taher mbele ya umma, Zia hakwenda. Viongozi wa chama waliofunguliwa gerezani siku zile walikamatwa tena tarehe 23 Novemba, na Taher akakamatwa kesho yake, siku 17 tu baada ya kukumbatiwa.

Tarehe 26 Novemba vijana sita wa chama, wakiwamo ndugu wa Taher, walijaribu kumteka balozi wa India mjini Dhaka. Wanne wakauawa pale pale. Hivyo ndivyo ifikiavyo jumuiya ya siri inapokatwa kichwa: hakuna mkutano wa kuamua, hakuna mzee wa kuzuia, kila kundi lajiamulia kwa hasira zake.

Mwezi wa Juni 1976 mahakama ya kijeshi ilikaa ndani ya kuta za gereza. Mawakili waliapishwa kutosema wanayoyasikia, na waandishi wa magazeti hawakuruhusiwa kuingia. Tarehe 17 Julai hukumu ikatolewa, na alfajiri ya tarehe 21 Julai 1976 Kanali Abu Taher akanyongwa. Hatuna neno la kuitetea mahakama ile. Tarehe 22 Machi 2011 Mahakama Kuu ya Bangladesh yenyewe ilitamka kwamba kesi ile haikuwa halali. Miaka 34 na miezi minane ilikuwa imepita.

Sasa tujumlishe hesabu.

Kwanza, ahadi ya gizani haina shahidi. Dini yetu imetufunza kuandika deni na kuweka mashahidi, liwe dogo au kubwa, na hata sisi wa duka dogo twajua kuwa asiyeandika hana pa kudaia. Ahadi baina ya Taher na Zia ilikuwa ni ahadi ya watu wawili katika usiku wa risasi. Ilipovunjwa, nani angemdai Zia? Wakulima hawakuwapo, wala wafanya kazi wa viwandani hawakuulizwa. Chama kinachofunga ahadi zake mbele ya watu elfu uwanjani chaweza kudanganywa, hapana shaka, lakini watakuwapo watu elfu wa kusema, "Tulisikia."

Pili, bunduki ikishatoka ghalani haiulizi mtu kadi ya chama. Katika siku zile za Novemba maafisa kadhaa waliuawa na askari wao wenyewe, bila ya kesi wala kosa lililothibitika. Brigedia Khaled Mosharraf, ambaye naye alikuwa shujaa wa vita vya uhuru, aliuawa tarehe 7. Na matokeo yake yalikuwa nini? Kila afisa, hata yule aliyewahurumia askari, alikimbilia nyuma ya Zia kuokoa roho yake. Damu ile haikumtisha dhalimu. Iliwaunganisha waliokuwa wamegawanyika.

Tatu, aliyepanda kwa ngazi ya siri huiogopa ngazi ile maisha yake yote. Mwezi wa Oktoba 1977 askari wengine waliasi huko Dhaka, na baada ya maasi hayo mamia ya askari waliuawa kwa hukumu za haraka haraka. Walikuwa ni sipahi wa chini, watu wale wale ambao mapinduzi yalisemwa kuwa ni yao. Na Zia mwenyewe, akiwa Rais, aliuawa na maafisa wa jeshi lake huko Chittagong tarehe 30 Mei 1981. Tazameni mnyororo huo: Mujib, Khaled, Taher, Zia. Wote wanne walisimama upande mmoja mwaka 1971, na wote wanne wameuawa, katika muda usiofika miaka kumi tangu walipoushinda ule utawala wa Pakistan.

Wala sisi wa visiwani si wageni wa khabari hizi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi ng'ambo, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa maafisa wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa na haki ndani yake, kama yale ya sipahi. Lakini mwisho wake nchi iliyojitawala miaka miwili tu ililazimika kuwaita askari wa Mwingereza waje kuwanyang'anya silaha, na jeshi lile likavunjwa. Na siku nane kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekwisha pinduka hapa kwetu. Wazee waliouona mwezi ule hawahitaji kusomeshwa na karatasi hii jinsi jirani anavyoweza kumgeukia jirani mara tu sheria inapokuwa mkononi mwa mwenye silaha. Vijana wetu nawawaulize wazee hao, kwa adabu, wakiwa wamekaa nao faragha.

Twajua jawabu mtakalotupa. Mtasema: "Uwazi nao umetufikisha wapi?" Ni suala la haki, na hatutalikimbia. Twawarejesha Bangladesh ile ile. Tarehe 24 Machi 1982 Jenerali Ershad alitwaa utawala kwa nguvu ya jeshi. Hakuondolewa na chama cha siri kambini. Aliondolewa mwezi wa Disemba 1990 na migomo, na maandamano, na vyama vya upinzani vilivyokubali hatimaye kusema neno moja. Tena tarehe 5 Agosti 2024, Waziri Mkuu Sheikh Hasina, binti yake Sheikh Mujib, aliikimbia nchi baada ya wiki kadhaa za wanafunzi na raia kuingia mabarabarani mchana kweupe. Haikuwa rahisi, mamia ya watu waliuawa, na sisi hatumwambii kijana yeyote kuwa uwazi hauna gharama. Wala hatusemi kwamba yote yaliyofuata yalikuwa mema. Twasema hili tu: siku ile wakuu wa jeshi walipokataa kuwapiga risasi raia ili kuilinda serikali, jeshi lilitenda katika saa moja jambo ambalo halikuhitaji kiapo cha siri cha mtu yeyote. Lilihitaji umma uliosimama mbele yake, wenye uso na wenye jina.

Basi twatoa shauri letu, na wenye vyeo katika chama watuwie radhi.

La kwanza: asiwepo mwanachama wa tawi lolote atakayefunga ahadi na askari kwa jina la chama hiki. Atendaye hivyo awatia wenzake wote katika khatari bila ya kuwauliza, nalo ni jambo asilokuwa na khiyari nalo.

La pili: askari si adui yetu. Ni mtoto wa mvuvi wa kijiji cha pili, na mshahara wake ununua mchele ule ule kwa bei ile ile. Dai lake, akiwa nalo, na lisemwe na chama hiki jukwaani na Barazani: nyumba, matibabu, heshima yake mbele ya wakubwa wake. Sipahi wa Dhaka walikwenda gizani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwasemea mchana. Sisi tuwasemee wetu mchana.

La tatu, na hili latuhusu sisi wenyewe. Tunailaani siri ya kambini, lakini je, ya ofisini mwetu? Yako matawi ambayo hesabu ya michango haijasomwa mbele ya wanachama tangu lini? Ziko kamati ngapi zinazoamua usiku, na wanachama wakaja kuambiwa asubuhi? Kijana anayeona mambo ya chama chake yanaendeshwa kwa minong'ono, kwa nini asidhani kuwa minong'ono ndiyo siasa? Twaomba kila tawi lisome daftari lake la fedha mbele ya mkutano kila mwezi, senti kwa senti, na maamuzi yaandikwe na kubandikwa mlangoni. Chama kinachowaficha wanachama wake hesabu ya kadi hivi leo, siku kitakapoishika hazina ya nchi kitawaficha makubwa zaidi.

Na neno la mwisho juu ya Kanali Taher, kwani hatupendi kumwacha katika udongo wa gerezani. Alikuwa mtu mkweli, na aliwapenda wanyonge kuliko alivyoipenda roho yake. Lakini angalieni namna jina lake lilivyosafishwa. Mwandishi wa Kimarekani, Lawrence Lifschultz, aliyefukuzwa nchini mwaka 1976 kwa kutaka kuiandika kesi ile, hakunyamaza; aliandika, na mwaka 2011 akarudi Dhaka kutoa ushahidi. Jamaa za marehemu walipeleka mashitaka, majaji wakasikiliza, na hukumu ikasomwa mbele ya watu. Jeshi la siri halikuweza kumwokoa na kamba. Kilichomrejeshea heshima yake ni karatasi, na mashahidi, na mahakama iliyofunguliwa milango. Ilichelewa mno, na mjane wake alingoja miaka yote hiyo. Lakini ilipokuja, hapakuwa na mtu aliyeweza kuifuta usiku.

Wabillahi taufiki.